Sidra au Mwanamvua? Mwongozo kamili wa kuchagua baina ya majina mawili adimu ya mtoto wa kike

Siku ya tano mtoto hana jina bado. Kalala kitandani kafunikwa khanga, wageni wanaingia wanatoka, kila anaeingia anauliza "kaitwa nani?", mie najibu bado, na babake huko barazani anaulizwa hivo hivo na yeye anajibu bado. Sio kama tulikosa majina. Tulikuwa nayo mawili, yote mawili tunayapenda na yote mawili ni adimu hapa kwetu, yeye anataka Sidra mie nataka Mwanamvua, na akika, siku ya kuchinjiwa mtoto na kutiwa jina, ni siku mbili mbele. Kama na wewe umefika hapo, majina mawili mkononi na hakuna hata moja ambalo majirani wamelizoea, soma hadi chini. Nimeandika hatua kwa hatua vile tulivofanya, na yale ambayo tungeyafanya mapema tusingevutana siku tano.

Hatua ya 1: Jua una muda gani, na nani mwenye neno la mwisho

Watu wanagombania jina kwa sababu wanadhani siku ya saba ikipita basi mlango umefungwa. Siku ya saba ni sunna nzuri sana, mtoto ananyolewa, nywele zinapimwa na uzito wake unatolewa sadaka kwa thamani ya madini ya fedha, anachinjiwa mbuzi mmoja akiwa wa kike (wa kiume wawili), na anatiwa jina. Lakini Mtume (S.A.W.) mwanawe Ibrahim alimpa jina usiku ule ule aliozaliwa, na wapo wanaofanya akika siku ya 14 au ya 21 kwa sababu zao, kwa hivo nafasi ipo, na mtoto kukaa siku kumi bila jina hakumdhuru kitu.

Ila kitu kimoja shikeni kwa nguvu: mpaka mmekubaliana, jina lisiandikwe popote. Sio kwenye kadi ya kliniki, sio kwenye daftari la hospitali, hata kwenye stetasi ya wifi yako lisiwepo. Karatasi ya pili siku zote hunakili karatasi ya kwanza, na wifi akishaweka picha na jina ndugu wote wa Dubai na Maskati washalijua, sasa wewe ukibadilisha unaonekana una kigeugeu.

Na neno la mwisho la nani? Masheikh wanasema wazazi wakivutana baba ndo mwenye haki ya kutia jina, na mie hilo nalikubali kabisa. Lakini mume mwenye busara anajua huyu mtoto ataitwa na mamake mara mia kwa siku, jina ambalo mama halitaki litamtoka mdomoni kwa uzito miaka yote. Shaurianeni. Mume wangu alisema tangu mwanzo "mama Thuwaiba, silazimishi", na hilo neno lake ndo lililonifanya mie nisikilize, angelazimisha ningekuwa mbishi mpaka leo.

Hatua ya 2: Kila mmoja aseme kwa nini analitaka

Kaeni wawili, mlango umefungwa, hakuna mavyaa hakuna shangazi, kila mmoja aseme sababu yake kweli kweli. Hapa majina mengi yanakufa yenyewe.

Sababu yake yeye: Ramadhani ya mwaka ule alikuwa akisali tarawehe, imamu akafika suratun-Najm pale panapotajwa Sidratul-Muntaha, ule mti wa mbinguni, na mie nina mimba ya miezi minane, akarudi nyumbani akaniambia akiwa wa kike namtaka Sidra. Sababu yangu mie: mtoto kazaliwa mwezi wa nne, masika yamekolea, mvua ya usiku kucha, na mamake bibi yangu wa Wete, Pemba, akiitwa Mwanamvua. Toka afariki hakuna mtu kwenye ukoo aliyelirithi jina lile, na nilikuwa naona litapotea.

Hizo zote ni sababu zinazokaa. Sababu ambazo hazikai ni hizi: "hakuna mwengine mwenye nalo" (atatokea tu, subiri miaka miwili), "nimelisikia kwenye tamthilia" (tamthilia itaisha), na mbaya zaidi ni jina la hasira au la huzuni. Wazee wetu walikuwa nayo hayo, Tabu, Shida, Mashaka, mtu kagombana na mumewe au kafiwa mfululizo, basi mtoto anabebeshwa habari ambayo si yake. Siwalaumu, wengine waliamini mtoto akipewa jina duni kifo kitampita, na mtu aliyezika watoto watatu utamwambia nini. Ila sisi tusiyarudishe. Siti binti Saad kazaliwa Fumba na jina alilopewa ni Mtumwa. Siti alikuja kuitwa mjini, taarab yake ilipoanza kusikika, na santuri alizorekodi Bombay mwaka 1928 jina lake ni Siti. Angalia alivolazimika kupata heshima ya jina akiwa mtu mzima, kwa jasho lake, wakati jina jema mtoto angepaswa kulikuta tayari.

Hatua ya 3: Maana, na umuulize mtu anaeijua lugha

Usiishie kugugo. Zile programu za majina kila jina maana yake ni "malkia", "nuru" au "zawadi ya Mungu", haiwezekani. Chukua jina, mpelekee mtu anaekijua Kiarabu, na mwambie ALIANDIKE kwa herufi za Kiarabu kabla hajakwambia maana. Hili la kuandika ndo lenyewe, kwa sababu sisi kwa herufi zetu tunachanganya sauti.

Mfano mzuri ni Asiya. Yupo Asiya mke wa Firauni, mwanamke bora kabisa, jina lake linaanzwa kwa alifu na lina sini. Na lipo neno jengine lenye aini na swadi, maana yake muasi, na katika Hadith ya Muslim Mtume (S.A.W.) alikuta mwanamke anaitwa hilo akambadilisha akamwita Jamila. Kwa Kiswahili yote mawili utaandika Asiya! Sasa wewe ulielitoa mtandaoni utajuaje umechukua lipi.

Halafu kuna haya ya kuokota neno ndani ya Qur-ani kwa sababu linasikika tamu. Neno kuwemo kwenye Qur-ani halilifanyi kuwa jina, hata Firauni yumo. Watu wanapenda Alayna, kwa Kiarabu hilo ni "juu yetu", basi, kama vile kwa Kiswahili umwite mtoto Kwetu. Wakati yapo ya kweli na mazuri na bado si mengi huku, Tasnim na Salsabil ni chemchem za peponi, Sundus ni hariri, Afnan ni matawi.

Ya kwetu tuliyapitisha humo humo. Sidra ni mkunazi. Mkunazi huu huu wa miba, mjini Unguja pana mtaa mzima unaitwa Mkunazini. Sidratul-Muntaha ni mkunazi wa mwisho huko mbingu ya saba, alipofika Mtume usiku wa Miraji, na suratul-Waqia inawaelezea watu wa kuliani kuwa watakuwa kwenye mikunazi isiyo na miba. Kwa hivo maana ipo na ni kubwa.

Mwanamvua nae msimdharau kwa sababu si Kiarabu. Mwana hapo sio mtoto, ni heshima ya mwanamke, ya zamani, kama kusema Bibi, ndo maana tuna Mwanajuma, Mwanaidi, Mwanakombo, Mwanaasha, na Unguja karne ya 17 ilikuwa na mtawala mwanamke akiitwa Mwana Mwema. Mwanamvua ni bibi wa mvua. Mvua ni rehema, sheria haikatazi jina la Kiswahili lenye maana njema, na atakaekwambia hilo "sio jina la Kiislamu" muulize kwa upole maana yake ina ubaya gani.

Hatua ya 4: Lisikilize kwa sikio la Kiswahili

Hii watu wengi wanairuka na ndo inayowaumiza watoto. Jina linaweza kuwa zuri huko lilikotoka, likifika kwetu likakutana na neno letu. Hana kwa Kiarabu ni furaha, huku mwite mtoto Hana uone skuli, "Hana nini? Hana adabu! Hana madaftari!" Jana ni matunda yaliyoiva, huku ni siku ilopita. Sana ni mng'aro. Lina ni upole, na sisi "lina nini hilo?" Na Wafa, uaminifu, jina zuri mno, lakini huku mtu akikuangalia akakwambia "wafa!" ni kitu gani? Bibi yangu mie mtoto wa jirani aliitwa Wafa na yeye hakulitamka hata siku moja, akimwita "mtoto wa fulani" tu mpaka wakahama.

Sisemi msiyatumie. Nasema mjue kabla.

Fanya hivi: lichukue jina ulipeleke kwa mtoto wa miaka nane hadi kumi, mwambie "mwenzako skuli akiwa na jina hili mtamtania vipi?" Watoto hawana huruma na hawana uongo. Mie nilimuuliza mtoto wa dada yangu. Kwa Sidra akafikiri kidogo akasema "Shida. Tungemwita Shida." Kwa Mwanamvua hata hakufikiri, akaanza kuimba mvua nyesha nyesha huku anaruka. Kwa hivo hapa hakuna aliyeshinda, ila nilijua kwamba Sidra wataitafutia na Mwanamvua wanaikuta tayari.

Hatua ya 5: Lipitishe midomoni mwa wazee

Hapa nitakaa kwa sababu hapa ndo jina letu lilipoamuliwa, na naona vijana wa siku hizi wanaogopa wazee kwenye jambo hili, wanachagua kwa siri halafu wanatangaza siku ya akika kama matokeo ya mtihani. Wazee ndo watakaemwita. Mtoto anaelelewa na bibi akiitwa jina ambalo bibi hawezi kulitamka, bibi atatengeneza lake, na hilo ndo litakaloshika.

Nilimpigia bibi Wete, nikaweka spika. Nikamwambia bibi sema Sidra. Akasema "Sidira." Nikamwambia tena, Sidra, akasema "ndo n'lilosema, Sidira." D na r ikifuatana Mswahili wa zamani lazima aweke irabu katikati, ndo ulimi wetu, hakuna ubaya, lakini lijue. Nikamuuliza unalionaje, akasema zuri, la nini? Nikamwambia mkunazi. Kimya. Nikajua kinachokuja.

Kwa sababu sisi mkunazi tunaujua kwa kazi moja kubwa, majani yake yanapondwa yakatiwa kwenye maji ya kuoshea maiti. Mzee wa Pemba ukimwambia mkunazi kabla hajafikiria pepo anafikiria kitanda cha kuoshea. Bibi akasema pole pole, "haya, nyie ndo wazazi", ile haya ambayo si haya.

Nikamwambia basi bibi, mie nataka Mwanamvua, jina la mamako. Nilidhani atafurahi apige vigelegele kwenye simu. Akacheka kidogo akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua: mamake utotoni jina lile lilimtesa. Mvua ikinyesha wenziwe wakimlaumu, dau likikosa kutoka "ni wewe", mpunga ukilala kwa maji "ni wewe", mpaka akawa analia. Alipokuwa mtu mzima watu wakamwita Bi Mwana tu, na yeye akapenda iwe hivo. Bibi akasema "mie nalitaka, jina la mamangu kwa nini nisilitake, lakini n'kwambie ukweli ujue."

Sikuyategemea maneno hayo. Miaka yote nilikuwa nikiliona jina lile kwa uzuri wake wala sikuwahi kumuuliza mtu aliyeishi na mwenyewe. Kwa hivo kama jina lako la pili ni la kurithi, la somo yake mtoto, aliye hai au aliyekufa, UULIZE. Kama yupo hai muombe mwenyewe ruhusa na umuulize alikuwa akilipenda? Lilimpa shida gani? Kama kafariki watafute waliokuwa wakimwita. Somo ni uhusiano, akiwa hai ataleta zawadi siku ya akika na atamuita mtoto "somo yangu" maisha yote, basi aingie kwa ridhaa.

Siku ya sita akaja shangazi yake mume wangu kutoka Konde, kashuka boti na mkoba wake una bizari ya mzazi na chupa ya mafuta ya nazi. Huyu shangazi ni mwosha. Wanawake wa mtaa wao wakifariki yeye ndo anaeitwa, toka mie sijaolewa. Tulipanga tusimwambie habari ya Sidra mpaka ale kwanza, lakini mume wangu hajui kusubiri, kabla hajavua buibui keshamwambia, "shangazi tunataka kumwita Sidra, mkunazi, unaonaje?"

Shangazi akakaa kwenye mkeka akaomba apewe mtoto. Akamlaza mapajani, akamfunua kichwa, akaanza kumpaka mafuta utosini kwa vidole vitatu, polepole, kucha zake zina rangi ile ya kijani iliyokolea kama majivu, mie nilikuwa nadhani ni hina iliyochuja. Akasema "mie majani yale nayaponda mwenyewe, simwachii mtu. Yana povu kama sabuni na harufu yake haichukizi. Mtu wa mwisho kabisa kumsafisha mja ni mkunazi. Mie jina hilo halinitishi." Akanyamaza akaendelea kupaka. Kisha akasema "lakini wengine litawatisha, na watakusemeni, basi muwe na jawabu moja nyote wawili."

Hilo la jawabu moja lichukueni. Jina adimu litaulizwa kila siku, benki, skuli, harusini, na kama mama anajibu hivi na baba anajibu vile watu wanashika la tatu. Sisi jawabu letu: "ni mti wa peponi." Maneno manne, mtu hana la kuongeza.

Hatua ya 6: Liite kwa sauti

Hii fupi. Simama mlango wa uani uite kama unamwita toka barabarani, mara tatu tatu kila jina. Kisha yaite pamoja na majina ya ndugu zake. Wawili wakianzia sauti moja, Samira na Sidra mfano, unaita mmoja wanakuja wote au hawaji wote. Sisi mkubwa ni Thuwaiba kwa hivo hapo hatukuwa na tatizo. Halafu liseme ukiwa umekasirika, maana utakasirika. Mwanamvua ukiwa na hasira linakuchelewesha, mpaka umalize yeye keshatoka nje.

Hatua ya 7: Andika majina matatu, uone karatasi itasemaje

Sisi mtu ni jina lake, la babake na la babu yake. Andika yote, mfano Sidra Hamad Faki, Mwanamvua Hamad Faki, uyasome kama mwalimu anaeita rejista. Jina la kwanza refu na la baba fupi linapendeza, mafupi yote matatu yanakuwa kama mtu anagonga mlango, sijui kwa nini ila nimeyasikiliza mengi.

Kikubwa hapa ni tahajia. Jina adimu kila karani ataliandika anavolisikia. Thuwaiba wangu mie, jina la mwanamke wa mwanzo kumnyonyesha Mtume baada ya mamake, nilimchagulia kwa mapenzi, lakini ile th mtu asiyeijua anaandika s. Skuli moja walimuandika Suwaiba kwenye rejista, ripoti ikaja Suwaiba, cheti cha kuzaliwa kinasema Thuwaiba, nimekwenda na cheti mkononi mara tatu mpaka likarekebishwa, na yeye yupo darasa la pili tu. Fikiria likifika hivo hivo kidato cha nne na matokeo ya Baraza la Mitihani, halafu kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi akifika miaka 18, halafu pasipoti. Herufi moja inakuwa watu wawili, na kuwarudisha kuwa mmoja ni kuapa, ni nauli, ni siku za kazi.

Kwa hivo jaribu hivi: mpigie simu mtu asiyelijua jina, mtajie mara moja tu, mwambie akuandikie meseji vile alivosikia. Watu watano wanatosha. Mwanamvua wote watano waliandika sawasawa, hilo ndo raha ya jina la Kiswahili, linaandikwa linavotamkwa. Sidra wawili wakatia h mwishoni, Sidrah, mmoja wa bara akaandika Sidla. Sio mbaya sana, ila tukaamua siku ile ile ni Sidra, bila h, na hakuna mtu kwenye familia ataeandika vyengine hata kwenye keki.

Jina lenye th, dh, gh au kh sikwambii uliache, ni sauti zetu na tunazitamka vizuri kuliko wengi. Nakwambia ujue utalisimamia wewe mpaka yeye aweze.

Hatua ya 8: Siku moja moja ya majaribio

Nyumba nzima mwite jina moja toka alfajiri mpaka usiku, kesho yake la pili. Mtoto hatojua, wewe utajua.

Siku ya Mwanamvua niliona kitu: mie mwenyewe niliyelipigania nilikuwa namwita "Mwana". Kila mara. "Mwana kaamka", "mleteni Mwana". Nusu ya jina nimeshaitupa siku ya kwanza, kama walivofanya kwa yule bibi mkuu. Jina likijikata siku ile ile, jiulize kipande kinachobaki ndo unachokitaka? Kwa sababu hicho ndo atakachoitwa.

Siku ya Sidra umeme ukakatika usiku, mvua inapiga bati, mtoto analia hataki nyonyo hataki chochote. Babake akamchukua akawa anazunguka nae chumbani gizani, simwoni, nasikia tu miguu yake na anamwambia kwa sauti ya chini Sidra, Sidra, Sidra, mpaka kilio kikashuka kikawa kwikwi, kikanyamaza. Asubuhi mkubwa akaniuliza mama mtoto yuko wapi, nikamjibu Sidra kalala. Nikasikia nilivosema.

Kama baada ya majaribio bado yako sawasawa, mie nashauri sali istikhara, sala ya kumuomba Mungu akuongoze kuchagua, halafu chagua lile rahisi kuandikika. Usipige kura kwenye grupu la wasapu. Kura inaleta walioshindwa, na walioshindwa wana ulimi.

Hatua ya 9: Lililokosa usilitupe, ila usilibandike kwenye cheti

Kuna watu wanataka kuridhisha kila upande wanaandika yote mawili, Sidra Mwanamvua Hamad Faki. Usifanye. Fomu nyingi zina nafasi tatu, la kwanza, la kati, la mwisho, sasa huku watachukua Mwanamvua kama jina la baba, kule watamkata babu, na vyeti havitakubaliana tena mpaka uzee.

Kwetu lipo jina la cheti na lipo jina la nyumbani, na la nyumbani halihitaji ruhusa ya mtu. Bi Kidude jina lake Fatuma binti Baraka, kaitwa Kidude kwa sababu alizaliwa kadogo sana, na hilo la nyumbani ndo lilozunguka dunia mpaka alipofariki 2013. Mtoto aliepewa jina la bibi yake nae hivo hivo, mama mtu hawezi kumfokea kwa jina la mavyaa wake, basi anaitwa Bimkubwa, mambo yanakwenda. Mwachieni kila mzee anaelitaka jina lililokosa alitumie, na mtoto atajua akiitwa hivi anaitwa na nani.

Hatua ya 10: Cheti

Usajili wa vizazi Zanzibar unafanywa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, nenda mapema na karatasi ya kizazi mliyopewa hospitali na vitambulisho vya wazazi wote wawili. Jina liandike wewe mwenyewe kwenye kikaratasi, herufi kubwa, zimeachana, umpe karani akiwa anajaza, usimtajie kwa mdomo tu watu wakiwa wanazungumza nyuma yako. Ukipewa cheti usikikunje. Simama pale pale dirishani usome herufi moja moja, jina lake, la baba, la babu, lako, tarehe, halafu soma kwa kurudi nyuma kutoka herufi ya mwisho, kwa sababu macho ya mzazi yanaona kile anachokitaka. Kosa likionekana ukiwa bado dirishani ni jambo la dakika, ukishafika nyumbani ni safari nyengine.

Piga picha, mtumie mtu mmoja unaemuamini, weka na nakala mbili.

Cha kwetu kimeandikwa Sidra. Bibi akipiga simu kutoka Wete salamu zikimaliza anauliza "na Mwanamvua hajambo?" na mie namjibu hajambo bibi, kalala, na kama kaamka namuwekea simu sikioni amsikie.